Biskuti za Fundi

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye kibanda cha baba yake, fundi cherehani, kumtungia uzi kwenye sindano. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe kwa jinsi alivyosema bila kupumzika. Alitunga sindano huku akisimulia habari zote za darasani, hata zisizomhusu.

Zamani baba alitunga sindano mwenyewe huku akipiga soga na wateja. Siku hizi macho yake yaliona ukunguukungu. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamwambia sukari imepanda mwilini, na kwamba asipochunga mdomo wake, macho yataharibika kabisa. Fundi asiyeona pindo atashona nini?

Mama hakungoja. Siku ile ile alilificha kopo la sukari, na baba akawa anakunywa chai amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Chiriku alimwonea huruma. Dukani akaona pakiti ya kijani yenye picha ya mwanamke mwembamba aliyejizungushia futi ya kupimia nguo kiunoni. Maandishi yake yalikuwa makubwa: HAINA SUKARI NYEUPE. KWA WANAOJALI AFYA.

"Baba, nimekuletea biskuti zisizo na makosa!"

Baba alionja moja, akafumba macho. "Mwanangu, hizi zimepikwa na malaika!"

Akaimaliza pakiti nzima. Tangu hapo Chiriku hakuja kibandani mikono mitupu. Mama naye alifurahi kwamba mumewe amepata cha kutafuna bila kuulizia kopo lake.

Siku ya kupimwa tena ilipofika, baba alivaa shati lililonyooshwa vizuri, akaenda zahanati kifua mbele, Chiriku pembeni yake. Muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akakitazama tena.

"Fundi, mbona imezidi kupanda? Unakula nini?"

"Ninakula kwa adabu kabisa! Chai bila sukari, mboga kwa wingi..."

"Na vitafunio?"

Baba alimtupia binti yake jicho, kisha akaangalia dari. "Aa, vidogovidogo tu."

Chiriku alielewa kwamba baba alikuwa anamkinga. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini macho yale yangeendelea kufifia, na yeye ndiye angekuwa anayafifisha.

"Ni biskuti," alisema, machozi yakimlengalenga. "Namnunulia mimi, na kila siku anamaliza pakiti. Zimeandikwa hazina sukari nyeupe."

"Ningependa kuiona hiyo pakiti," muuguzi alisema.

Kwa aibu, baba aliingiza mkono mfukoni, akaitoa ikiwa imeshafunguliwa. "Nilidhani foleni itakuwa ndefu," alinong'ona.

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea meza. Kisha akampa Chiriku pakiti. "Igeuze, usome nyuma. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi."

Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo mno. Chiriku aliisogeza pakiti karibu na pua. "Unga wa ngano, sharubati ya miwa, mafuta, asali, juisi ya zabibu iliyokolezwa..."

"Sharubati, asali na juisi iliyokolezwa, zote mwili unazipokea kama sukari."

"Kwa hiyo sukari imebadilisha nguo tu!" baba alishangaa.

"Basi wametudanganya!" Chiriku alifoka.

"Wamesema sukari nyeupe haimo, na kweli haimo. Ujanja uko hapo. Haya, soma na huku chini."

Kumbe kiasi cha sukari kilichoandikwa kilikuwa cha biskuti mbili tu.

"Mbili?" baba aliuliza. "Mimi nikifikisha mbili huwa hata sijaketi!" Halafu akatikisa kichwa. "Kitambaa sikitii mkasi kabla ya kukigeuza nikaona upande wa ndani. Hii nimeila bila hata kuigeuza."

Njiani Chiriku hakutoa neno. Baba akamshika mkono. "Ukinyamaza hivi ndipo nitakapougua kweli."

"Nimekuumiza, Baba."

"Hatukujua, mwanangu, wewe wala mimi. Kuanzia leo tutasoma pamoja."

Wakawa wanakwenda dukani wawili, wakisoma kila pakiti hadi muuza duka akawatania kwamba wanajiandaa na mtihani. Nyingi walizirudisha rafuni. Baba akazoea karanga chache na kutembea jioni, huku akinung'unika kidogo.

Walipokwenda kupimwa mara nyingine, muuguzi alitabasamu. "Imeshuka, fundi. Usilegee."

Nje ya zahanati baba alisimama, akamgeuza binti yake amtazame.

"Mwenye kuuza huandika mbele anachotaka tukione," alisema. "Ni juu yetu kusoma mpaka nyuma. Lakini kilichoniokoa zaidi ni ukweli uliousema siku ile ulipoweza kunyamaza. Leo nakuona vizuri, mwanangu. Naliona hata doa la wino shavuni mwako."

Chiriku akajipangusa kwa kiganja, doa na machozi pamoja.