Kamba ya Kisyeri

Jumapili ile ya Novemba 2013, Mogesi alipanda kilimani na hotpoti ya ugali kichwani, mimba ya miezi saba ikimtangulia njiani. Huku chini Morotonga, watu walikuwa wamejaa uwanja wa shule, kila mmoja na kipande chake cha picha ya eksirei, wakingoja jua lipatwe. Kwenye machimbo hapakuwa na wachimbaji. Ni Machage tu, mwanamume wake, aliyekuwa ndani ya duara, shimo la zamani la dhahabu, futi themanini chini ya ardhi.

Waisiko ndiye aliyemshusha. "Mwamba umeanza kuonyesha dhahabu," alimwambia asubuhi. "Ukingoja kesho, wenzako watakuwahi."

Na neno la Waisiko halikuwa na rufaa. Mama huyu hakujaliwa mtoto, kwa hiyo alitoa ng'ombe akamwoa Mogesi kwa desturi ya nyumba ntobhu, amzalie watoto wa kuendeleza mji wake. Machage, aliyemchagua awe baba wa watoto hao, alikuwa mtu wa kuja tu, aliyeletwa na habari za dhahabu. Hakuwa na ndugu wa kumuulizia. Lakini Mogesi alimpenda, tena alimpenda vibaya.

Alimkuta Waisiko ameketi kando ya winchi ya mbao, kamba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa. Leo utanisaidia kuvuta."

"Machage atoke ale kwanza."

"Atatoka mtu," Waisiko alinong'ona.

Mogesi alicheka. Maskini, alidhani ni utani.

Saa kumi na moja ikapita, mwanga ukaanza kufifia. Ndege wakanyamaza. Chini ya mti, mwanga uliopenya kwenye majani ukaandika ardhini vijua vidogo vidogo, vyote vimemegwa. Baridi ikaingia. Kisha ikapanda harufu kutoka shimoni... harufu ya kabaidi, ile ya taa za wachimbaji wa enzi za Wazungu. Machage alikuwa na tochi.

"Nilikuwa na miaka kumi," Waisiko alisema, macho shimoni. "Mwaka hamsini na tisa. Baba yangu Kisyeri alishuka humu, jua likaliwa hivi hivi. Kamba ikatikiswa mara tatu. Mimi nikaogopa giza, nikakimbia. Shimo likabomoka." Aliipapasa kamba. "Nilimwacha baba yangu, Mogesi."

Mogesi alimwonea huruma.

Kamba ikatikisika.

Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Sheria ya machimbo inajulikana: mara tatu ni kuvuta. Huulizi, huiti, unavuta. Wakazungusha winchi pamoja. Mzigo ulikuwa mwepesi... mwepesi mno. Machage alikuwa pande la mtu.

Ukatokea mkono. Ikatokea taa ya kabaidi, inawaka. Akatoka mwanamume mwembamba aliyejaa tope, kijana kuliko Waisiko kwa miaka mingi.

"Waisiko," alisema. "Mbona umechelewa?"

"Baba..."

Na kule chini, mbali, sauti ambayo Mogesi angeitambua hata kaburini:

"Mogesi! Nivute!"

Alirukia kamba. Waisiko akaing'ang'ania. "Mmoja hutoka, mmoja hubaki!" alilia. "Nisamehe, mwanangu!" Mogesi akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akaitupa kamba shimoni.

Ikatikiswa mara tatu.

Akavuta peke yake, tumbo likimkata, akilia na kumwomba Mungu. Mwanga ulikuwa unarudi. Alivuta mpaka mwisho wa kamba.

Kitanzi kilikuwa kimefungwa vizuri. Kilikuwa cha moto, kama kilichotoka sasa hivi kiunoni mwa mtu. Na ndani yake hamkuwa na mtu.

Wachimbaji walitafuta siku nne. Waliikuta tochi ya Machage, bado inawaka. Wakasema ni hewa mbaya. Waisiko hakuonekana tena. Palikuwa na nyayo tu, zikishuka kuelekea mtoni: za mwanamume mzima, na za mtoto wa miaka kumi.

Mogesi alimwendea Mwalimu Odoyo wa shule ya Morotonga, kuuliza jua litapatwa tena lini. Mwalimu akamweleza taratibu: kupatwa kule hurudi kila miaka kumi na minane na siku kumi na moja, ila kila mara huangukia upande mwingine wa dunia. Zamu ya tatu ndiyo hukurudisha upande huu, jioni vile vile. Miaka hamsini na minne na mwezi mmoja.

"Desemba 2067," alisema Mwalimu. "Kwa nini unauliza?"

Mogesi alikuwa akihesabu. Atakuwa na miaka sabini na minane. Hataweza winchi peke yake.

Alijifungua msichana, akamwita Wegesa. Wamekuja wengi kulinunua duara lile, hauzi. Kila mwezi huipaka winchi mafuta na kubadilisha kamba iliyochakaa.

Juzi Wegesa, aliyetimiza miaka kumi, alimuuliza kwa utani, "Mama, mimi nitaolewa na nani?"

"Na mtu asiye na ndugu," Mogesi alijibu.

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akamtazama mwanawe, akamkumbuka Waisiko.