Sauti Iliyobaki Lusonge

Majivu ya jikoni yalikuwa ya moto. Yosefina aliyagusa kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono upesi, akamgeukia mwanamke aliyemfungulia nyumba.

"Dada, si ulisema humu hamjakaa mtu tangu mwaka juzi?"

"Hamjakaa," akajibu Klementina, mke wa seremala wa chuo. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti na funguo mkononi. "Labda wanafunzi walichoma mahindi."

Ilikuwa Julai mwaka 1954, mto umeshapungua na mpunga umeshaingia ghalani. Raimundi, mumewe Yosefina, alikuwa mwalimu pale Ifakara, na sasa alikuwa ameitwa akafundishe chuo kipya cha ualimu Lusonge, kimji kidogo ng'ambo ya mto Kilombero. Mkuu wa chuo alimwambia aje na mkewe, wakae siku tatu, waione nyumba, ndipo wajibu.

Jibu la Yosefina lilikuwa tayari kabla hajapanda mtumbwi. Kule kwao Mlabani, mtaa wa Ifakara, walibanana watu tisa katika vyumba viwili, na mama mkwe alimhesabia hata vitunguu anavyokata. Hapa palikuwa na vyumba vitatu, bati, sakafu ya saruji, na kisima uani. Binti yao Aurelia, waliyemwacha kwa bibi yake, angekuwa na kitanda chake mwenyewe. Kwa hiyo aliyazoa yale majivu, akayamwaga nyuma ya nyumba.

Siku ya pili ilikuja harufu. Jua lilikuwa utosini, Raimundi yuko chuoni, naye anafagia chumba cha nyuma. Ilikuwa harufu ya pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa kabla haujakomaa. Tangu utoto aliipenda, na mate yakamjaa mdomoni kabla hajakumbuka kwamba msimu wake ulikwisha kupita, na bonde zima halikuwa na shuke bichi hata moja.

Kisha akasikia mchi ukitwanga polepole chini ya sakafu, mtu mmoja anayetwanga bila haraka, na alipoinama akaweka kiganja kwenye saruji aliihisi ikitetemeka kama ubavu wa mnyama anayehema, kisha mchi ukaanza kusogea, ukatoka katikati ya chumba ukaja hadi chini ya nyayo zake, na hapo ukanyamaza, na katika ule ukimya mumewe akamwita kutoka chumba cha pili kwa ile sauti yake nzito inayoongoza kwaya kila Jumapili.

"Yosefina. Tunahamia lini?"

Jibu lilimfika kwenye ulimi. Alikuwa amekwisha fungua kinywa alipokumbuka kwamba tangu alipojifungua, miaka saba iliyopita, Raimundi hajamwita kwa jina hata mara moja. Akatazama dirishani. Mumewe alikuwa mbali, anakatiza uwanja wa chuo na vitabu kwapani.

Alitoka mbio bila viatu. Raimundi alimsikiliza huku akitabasamu, mpaka alipofika kwenye lile swali.

"Hebu rudia, Mama Aurelia. Hiyo sauti imeuliza nini?"

"Tunahamia lini."

Tabasamu likamtoka. "Jana niliulizwa hivyo hivyo. Sauti ilikuwa yako. Nilidhani uko chumba cha nyuma."

"Jana mchana nilikuwa kisimani, Baba Aurelia. Ukajibu nini?"

"Nikasema Jumatatu."

Wakaenda kwa Klementina. Mwanamke yule alipowaona tu akaanza kulia.

"Mwalimu aliyekuwamo hakuhama," alisema kwa kunong'ona. "Alifia humo ndani. Mkewe alirudishwa kwao Sanje akiwa hajui hata jina lake."

"Nawe ukatukabidhi funguo!" akasema Yosefina. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka jirani, dada. Mwaka wa pili huu siongei na mtu ila mbao za mume wangu."

Ndiye aliyewapeleka kwa Bi Mwanamvua, mke wa mwenye duka la barabarani, mtu wa pwani aliyejulikana kwa kutuliza majini. Bibi alisikiliza akiwa anachambua karafuu, wala hakuinua macho.

"Huyo ni mwenyeji wa ardhi ile," alisema. "Wajenzi walimmwagia saruji kichwani bila hodi. Hataki damu yenu, anataka watu wa kukaa naye. Na wewe, mwanangu, umempa siku. Ahadi ya mdomo hutenguliwa na mdomo ule ule, katika nyumba ile ile ilipotolewa."

"Umri wako nauheshimu, bibi," akasema Raimundi, "lakini mimi ni mwalimu na ni Mkristo. Siwezi kwenda kuzungumza na sakafu."

"Basi usiende. Jumatatu itakuja yenyewe."

Kesho yake, adhuhuri, walikuwa watatu katika chumba cha nyuma. Bi Mwanamvua alifukiza ubani na kusoma kwa sauti ya chini. Yosefina alishika rozari hadi shanga zikamwachia alama kiganjani. Mchi ulikuwa unatwanga. Raimundi alipiga magoti.

"Nilisema Jumatatu," alitamka, jasho likimdondoka kidevuni. "Neno langu nalirudisha. Hatuji."

Mchi ukasimama. Harufu ya pepeta ikageuka kuwa ya kuungua. Kisha sauti ya Yosefina ikatoka chini ya sakafu, ilhali midomo ya Yosefina imefumbwa.

"Nani basi?"

Raimundi alilijua jina. Kama wao wangekataa, nafasi ingekwenda kwa Wendelin, mwalimu wa Mahenge mwenye watoto watatu. Yosefina aliliona jina likipanda kooni mwa mumewe, akamziba kinywa kwa mikono yote miwili.

"Usimtaje mtu! Tafadhali, usimtaje mtu."

"Hatakupa mtu," Bi Mwanamvua aliiambia sakafu. "Ahadi haivunjwi bure, hilo tunalijua. Chukua kilicho chake yeye, uwaache wengine."

Raimundi akashika shingo. Baadaye aliandika kwenye karatasi kwamba ilikuwa kama mtu anamvuta mwiba mrefu wa samaki kooni, taratibu, bila maumivu. Alipotaka kusema "Twende," ilitoka pumzi tupu.

Walivuka mto jioni ile ile. Raimundi alimwandikia mkuu wa chuo kurasa tatu. Walimu wenzake waliposikia walicheka, lakini nyumba ikafungwa, na Wendelin alipokuja akapewa nyingine, upande wa pili wa uwanja. Pale Ifakara watoto wa darasa lake walijifunza kukaa kimya kabisa, wapate kusikia mwalimu wao akinong'ona.

Miezi minne baadaye Yosefina alikutana na Klementina sokoni Ifakara.

"Dada, nikwambie?" alisema Klementina. "Kila adhuhuri mumeo anaimba mle ndani. Anaimba vizuri, mpaka watu husimama."

Usiku huo Yosefina hakulala. Asubuhi alishuka mtoni, akaingia kwenye mtumbwi, akaketi. Alitaka kuisikia mara moja tu, akiwa nje, mbali na mlango. Mwenye mtumbwi akaushika upondo.

"Tuondoke, mama?"

Alilikumbuka lile swali la kule chumba cha nyuma. Mwanamume akauliza tena. Mara ya tatu Yosefina akainuka, akateremka kwenye matope hadi magotini, akarudi kwa miguu Mlabani.

Raimundi alikuwa kibarazani akimwandikia Aurelia hesabu kwenye kibao. Aliyatazama matope yaliyokaukia miguuni mwa mkewe, akaelewa alikotoka. Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumwosha.