Tende Mdomoni, Jua Mbinguni

Kabula aliijua siku inavyokwenda kwa sauti ya baba yake. Mzee Mahona alikuwa muadhini wa msikiti mdogo uliopakana na nyumba yao, pembezoni mwa mji wa Bariadi. Akiadhini alfajiri, Kabula anaamka na kuwasha moto. Akiadhini adhuhuri, Kabula yuko darasani, na Veronica, mwenzake wa dawati, anamchokoza: "Baba yako huyo, anakuita ukasonge ugali." Akiadhini magharibi, chakula kiwe kimeiva.

Tangu mama afariki, hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ya nyumba ile. Mama alikufa akisubiri gari la wagonjwa, ambalo siku hiyo lilikuwa limewabeba wakubwa kwenda kwenye sherehe. Baadaye walikuja kutoa pole. Pole haipiki uji. Tokea hapo baba hakuwa mtu wa kuongea. Ni kama maneno yake yote aliyaweka akiba kwa ajili ya spika. Kila jioni Kabula alikula akitazamana na kigoda cha mama, kisha akaosha sahani mbili. Kazi ilikwisha upesi mno.

Mwezi wa Ramadhani ulikuta mvua zinanyesha na pamba shambani imefika magotini. Mzee Mahona akashikwa na homa, koo likavimba hata mate yakawa hayapiti. Asubuhi alimpigia simu Mzee Shigela, mwenyekiti wa msikiti.

"Wewe pumzika, nitapanga mtu," alijibu mwenyekiti.

Ni yuleyule aliyesema atanunua betri ya saa ya msikitini. Saa ilikufa tangu mfungo uanze, naye alikuwa bado anakwenda kuinunua.

Jioni wingu zito lilitanda upande wa machweo. Kabula aliingia msikitini kwa mlango wa wanawake kufagia, kama kawaida yake. Hakukuta mtu. Alichungulia nje akaona giza linaingia na jua halionekani. Majumbani watu wana kiu, wanangoja. Nani atawaita? Adhana aliijua yote. Alilala nayo na kuamka nayo. Akawasha spika, akaweka kiganja sikioni kama baba, akaita.

Katikati sauti ilimtetemeka, wala si kwa woga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama afariki kuisikia sauti yake mwenyewe ikienda mbali na kurudi.

Alipotoka, wingu lilipasuka upande wa chini. Jua likachungulia, duara zima, jekundu, juu ya mashamba ya pamba. Wanaume waliokuwa wakija msikitini walisimama kama waliopigwa picha. Mmoja alishika kikombe, mwingine tende iko mdomoni.

"Tema! Tema!"

"Nimeshaimeza!"

"Nani ameadhini?" Mzee Shigela alifoka. "Sauti ya kitoto ile! Mahona amemtuma mtoto gani aje kutulisha mchana?"

Kabula alijibanza nyuma ya ukuta, kisha akakimbilia nyumbani. Baba alikuwa ameinuka kitandani. Alimwita mwanawe kwa Kisukuma, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Ng'wanone, nani yule?"

"Sijui, baba."

Uongo ule akalala nao. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Kigoda cha mama hakijibu.

Kesho yake shuleni Veronica alicheka. "Jana spika yenu ililia kama kifaranga! Kama wewe tukiimba mchakamchaka!" Wenzake wakaangua kicheko. Kabula naye alicheka, lakini meno tu.

Alasiri aliporudi alimkuta Mzee Shigela amesimama mlangoni mwa chumba cha baba. Mwalimu Minza, mama anayefundisha madrasa, alikuwa amekaa kando ya kitanda na bakuli la uji.

"Mahona, lete funguo za msikiti," alisema mwenyekiti. "Watu wamekula mchana kwa sababu yako. Tutatafuta muadhini mwingine."

"Mimi sikumtuma mtu."

"Basi lilikuwa jini?"

Baba alianza kupapasa funguo chini ya godoro, Kabula akimtazama. Funguo zikienda, sauti ya baba nayo itakwenda. Nyumba itabaki na nini?

"Ni mimi," alisema Kabula. "Baba hakunituma. Niliona giza nikadhani jua limezama. Halafu nikamdanganya."

"Msichana!" Mzee Shigela alishika kiuno. "Ndiyo maana jua likarudi!"

"Jua halikurudi, mwenyekiti," alisema Mwalimu Minza taratibu. "Lilikuwa halijaondoka. Wingu kama lile, na saa imekufa, hata mwenye ndevu angekosea. Mtu uliyempanga alikuwa wapi?"

Mzee Shigela akasogea nje ya kizingiti.

"Mwalimu, nimepata dhambi kwa kuwa msichana?" Kabula aliuliza.

"Hapana, mayu, mama yangu. Sisi tunaofuata mafundisho ya Imamu Shafii tumefundishwa kwamba adhana ya kuwaita wanaume huitoa mwanamume. Ya mwanamke haiwatoshelezi. Hukujua, na asiyejua hufundishwa. Lakini wanawake tukiswali peke yetu, mmoja wetu hukimu, yaani huita kusimama kwa swala, na ni sunna. Hata adhana, akiitoa kwa sauti ya kutufikia sisi tu, si vibaya. Wanazuoni wengine wana maneno yao, utayasoma ukikua."

"Na saumu ya watu?"

"Watailipa siku moja baada ya mfungo. Hawana dhambi, walidhani jua limezama. Wingu hilo tunalisamehe." Akamshika bega. "Lile la 'sijui' ndilo zito. Mtume alisema muadhini ni mwaminiwa. Watu hula na hujizuia kwa neno lake. Na uaminifu hauanzii kwenye spika, Kabula. Unaanzia humu chumbani, baba yako anapokuuliza swali."

Mzee Shigela aliondoka bila funguo. Kabla jua halijazama alirudi na betri mkononi, na kwa kuwa hakuwa amepanga mtu, ikabidi aadhini mwenyewe, anakohoa kila baada ya neno.

Jioni hiyo Mwalimu Minza alikuja kwa Kabula na wanawake wawili wa jirani, wamebeba sufuria ya futari. Mmoja alikalia kigoda cha mama bila kujua. Kabula akamsogezea tende. Walipokwisha kuonja tende na maji, wakajipanga sebuleni.

"Kimu, mayu."

Kabula alikimu polepole, sauti isiyovuka dirisha. Waliposwali na kutoa salamu, mkwaruzo ulisikika kutoka chumbani:

"Ng'wanone, nani yule?"

"Ni mimi, baba."