Omollo na Apondi Wanunua Nyumba ya Uzeeni

Omollo na mkewe Apondi walitoka Kisumu zamani, wakahamia Sydney. Waliishi Merrylands, katika nyumba ya ghorofa moja. Sebule ilikuwa chini, vyumba vya kulala vilikuwa juu. Walipoinunua walikuwa na nguvu, na ngazi hazikuwasumbua.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Omollo alikuwa amestaafu kazi ya ofisi. Apondi, muuguzi kule Westmead, alikuwa karibu kustaafu.

Asubuhi moja Apondi alimkuta mumewe ameketi katikati ya ngazi. Chai ilikuwa imepoa mkononi mwake.

"Baba Adero, unafanya nini hapo?"

"Napumzika."

"Ulikuwa unaenda juu au chini?"

"Nimesahau. Goti limenisahaulisha."

Wakacheka. Lakini Apondi hakucheka sana. Kazini alikuwa amewapokea wazee wengi walioanguka kwenye ngazi. Binti yao Adero alikuwa mbali, Perth, na mipaka ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kwa sababu ya ugonjwa. Omollo akianguka, nani angekuja?

Wakakubaliana kuuza nyumba yao na kuhamia kwenye makazi ya wastaafu. Kwenye makazi hayo kila mtu ana nyumba yake na ufunguo wake. Lakini paa, lifti, ukumbi na bustani ni vya wote. Kwa hiyo kila mwenye nyumba hulipa ada ya pamoja.

Ada hiyo ilimkera Omollo.

"Ninunue nyumba, halafu niendelee kuilipia? Hiyo ni kodi tu, wameibadilisha jina."

Basi akatafuta mahali penye ada ndogo kuliko kwingine kote. Akapapata, si mbali na Parramatta. Walikwenda kupaona mwezi wa tano.

Muuzaji alikuwa mama mchangamfu. Aliwaonyesha nyumba ya chini yenye zulia jipya na jiko linalong'aa.

"Ada yetu ni nusu ya wengine," alisema. "Lakini kuna mtu mwingine anaitaka. Ningekuwa ninyi, ningetia saini kabla ya Ijumaa."

Omollo alimkonyeza mkewe. Moyoni alikuwa tayari ameshapanga mahali pa kuweka televisheni.

Walipokuwa wanatoka nje, wakasikia sauti juu yao.

"Samahani! Nyie wawili hapo chini!"

Wakatazama juu. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu alisimama bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe. Alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba. Kikapu kilishuka polepole, kikizunguka, mpaka kikafika kifuani mwa Apondi.

"Kijana wa duka ameniachia mkate hapo mlangoni," bibi alisema. "Naomba uniwekee."

Apondi akaweka mkate ndani ya kikapu.

"Bibi, kwa nini hushuki?"

"Lifti imekufa tangu Pasaka. Miguu yangu haiwezi ngazi."

"Hawaitengenezi?" Omollo aliuliza.

"Kwa pesa gani? Mfuko wa matengenezo ni mtupu. Kila mwaka tulipiga kura ada isipande. Mimi mwenyewe niliinua mkono. Nilijiona mjanja sana."

Akaanza kuvuta kamba. Alivuta kidogo, akapumzika, akavuta tena. Omollo na Apondi walisimama wakikitazama kikapu kikipanda. Hawakuweza kuondoka mpaka mkate ulipofika.

Walipofika nyumbani, Apondi akampigia simu Ildephonse.

Ildephonse alikuwa Mkongo wa Bukavu, na walisali naye kanisa moja. Alikuwa fundi umeme kabla ya kustaafu. Sasa aliishi katika makazi ya wastaafu kule St Marys, na wenzake walikuwa wamemchagua kwenye kamati ya wakazi.

"Mama Apondi, musitie saini kwanza," alisema. "Muje kwangu, niwaonyeshe kitu."

Lakini kabla hawajaenda, Sydney ikafungwa. Watu wa Merrylands hawakuruhusiwa kwenda mbali na nyumbani. Basi Ildephonse akawapigia kwa video.

"Papa Omollo, unasikia hii?"

Kwenye simu waliona chumba chenye mabomba makubwa. Kulikuwa na mngurumo mzito, kama wa mnyama aliyelala.

"Nini hiyo?"

"Pampu ya maji. Inasukuma maji mpaka juu, kwa kila mtu. Ngoja."

Akafungua mlango mwingine. Gurudumu kubwa lilizunguka, nyaya nene za chuma zikapita juu yake.

"Hii ni mashine ya lifti, ile tunaita asansere. Kuna mzee anapanda sasa hivi. Hajui kama munamuona."

Omollo aliisogeza simu karibu na uso. Gurudumu likasimama, likatulia, likaanza tena kuelekea upande mwingine. Akaonyeshwa mitungi ya kuzima moto, na kitufe chekundu cha bafuni ambacho mzee akianguka anakibonyeza, na mtu anapokea usiku na mchana. Omollo alikuwa ameishi ndani ya nyumba maisha yake yote. Hakuwahi kuona nyumba ikihema.

"Yesu wangu," alisema taratibu. "Na vyote hivi viko nyuma ya ukuta?"

"Viko. Na vyote vinazeeka kama sisi. Ada inafanya kazi mbili, Papa. Sehemu moja inalipa vya kila siku: taa za nje, usafi, bima ya jengo. Sehemu nyingine ni akiba ya vitu vikubwa. Ukiona ada ni ndogo sana, uliza akiba iko wapi."

"Tuulize nani?" Apondi alisema.

"Muombe muuzaji hesabu za miaka iliyopita. Sheria ya hapa inamtaka awape maelezo ya malipo yote kwa maandishi kabla ya kutia saini, na muda wa kuyasoma. Akiwaharakisha, mujiulize sababu. Na mutafute wakili wenu wenyewe, si wakili wake. Kisha muongee na wakazi."

"Yule bibi wa kikapu," Omollo alinong'ona.

"Kuna jambo moja tena. Siku mukiondoka, sehemu nyingi kuna ada ya kuondoka. Inakatwa nyumba ikiuzwa. Tena mpaka iuzwe, ada ya kila mwezi inaweza kuendelea."

"Tuondoke twende wapi?"

"Kwa mtoto. Ama kwa Mungu."

Omollo akakunja uso. "Hayo ni maneno ya msiba, bwana."

"Ni maneno ya kununua nyumba ya uzeeni," Apondi alimjibu. "Adero lazima ayajue leo, tungali hai."

Siku hiyohiyo wakamweleza Adero. Alisikiliza Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Alishukuru sana.

Yule muuzaji wa kule karibu na Parramatta akapiga simu. "Yule mteja mwingine bado anaitaka," alisema.

"Mpe," Omollo alimjibu.

Sydney ilipofunguliwa mwezi wa kumi, walikwenda St Marys. Nyumba moja ilikuwa inauzwa huko. Wakili wao alisoma mkataba wote, akawaeleza ada ya kuondoka itakuwa kiasi gani. Akawaambia pia kwamba paa limechakaa, na huenda ada ikapanda. Omollo alimuuliza meneja wa makazi, na meneja hakuficha kitu. Akiba ilikuwepo, ila haikutosha yote. Wakapiga hesabu, wakaona wataweza. Walihamia kabla ya Krismasi.

Mapema mwaka uliofuata, wakazi waliitwa mkutanoni. Walikaa bustanini, viti vimeachana, barakoa usoni. Mhandisi aliwapa njia mbili. Wangeweza kuliziba paa kwa bei nafuu, likadumu miaka michache. Au wangeezeka upya, likadumu miaka thelathini, lakini ada ingepanda.

Omollo aliwatazama wenzake. Karibu wote walikuwa wakubwa kuliko yeye. Wengine walikuwa na mikongojo, mmoja na mtungi wa hewa. Akajisemea kwamba hakuna hapa atakayechagua miaka thelathini.

Mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa Bi Marjorie wa ghorofa ya juu. Alikuwa amepita miaka tisini. Mkono wake ulitetemeka, lakini haukushuka. Ukafuata mwingine, na mwingine, mikono yenye mishipa na madoa ya uzee, mpaka bustani ikajaa mikono.

Omollo naye akainua wake.

Baadaye alimfuata Bi Marjorie. "Mama, samahani. Miaka thelathini?"

"Kuna mtu atalala chini yake," Bi Marjorie alisema. "Mimi nililala chini ya paa la watu wengine."

Paa jipya lilikamilika mwezi wa tano. Mwezi wa sita Bi Marjorie alifariki, na wanawe wakaiuza nyumba yake. Mnunuzi alikuwa mjane mmoja mzee, mtu wa Penrith. Alihamia siku ya mvua kubwa, mvua iliyofurisha mito ya magharibi. Omollo alikwenda kumsaidia kupanga maboksi.

Juu yao maji yalipiga kama ngoma. Dari ilikuwa kavu kabisa.

Mgeni alitazama juu. "Pazuri," alisema. "Ila ada ya hapa naona imezidi kidogo."

Omollo alivuta boksi moja, akalikalia.

"Kaa chini, rafiki yangu," alisema. "Nikueleze habari za mama mmoja aliyekaa humu."