Vidole vya Awuor

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hellen alimsaidia mama yake kuanika dagaa ufukweni mwa ziwa, Pasiansi. Waliwatandaza juu ya nyavu kuukuu, wakafukuza kunguru, kisha Hellen akanawa mikono kwa ndimu ili wenzake wasimcheke. Asubuhi hiyo mama alisema angefika shuleni kutazama mchuano wa Kiingereza. Hellen akamwomba asije, kwa sababu jua lingekuwa kali na dagaa wangehitaji kugeuzwa.

"Jirani atawageuza," mama alisema. "Kwa nini hutaki nije?"

Hellen akasema anachelewa shule. Alichukua mkoba wake, akaondoka.

Mchuano wenyewe ulipendwa sana na Darasa la Sita. Mwalimu Maige aliandika ubaoni neno la Kiingereza bila irabu hata moja, na mshindani akalisoma zima. Akiandika MRKT, unasema "market". Mshindi wa siku hiyo angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya Misungwi, na kila mtu alijua atakuwa Hellen. Alikuwa hajawahi kukosea.

Aliyejua sababu ni Awuor peke yake, kiranja wa darasa na rafiki yake waliyeketi naye dawati moja. Awuor alijua maneno kuliko darasa zima, lakini akisimama mbele ya watu sauti ilimkauka. Kwa hiyo walitunga ishara. Irabu ni tano na vidole ni vitano: dole gumba A, kidole cha shahada E, cha kati I, cha pete O, cha mwisho U. Awuor alikaa mbele na kugusa shavu, Hellen akasoma vidole. Walianza kwa utani, na utani ukawa mazoea.

Mchana wazazi walijipanga nyuma ya darasa, mama yake Hellen akiwemo. Washindani walipungua hadi wakabaki wawili, Antoni na Hellen, wamesimama bega kwa bega. Antoni alipewa KTCHN, akafikiri, akasema "kitchen". Darasa likapiga makofi. Hellen akaandikiwa HSPTL.

Awuor aligusa shavu kwa kidole cha pete, kisha cha kati. Mwalimu Maige akageuka ghafla.

"Awuor, simama. Unampa nani ishara?"

Awuor alisimama, akatazama sakafu. Mwalimu alirudia swali, lakini Awuor hakumtaja mtu. Mwalimu akamwambia kuwa kuanzia hapo yeye si kiranja tena, na kwamba aliyekuwa akisaidiwa ataondolewa mchuanoni.

"Ni Antoni," mvulana mmoja alisema. "Ndiyo maana leo amepata zote."

Wengine wakacheka, wakaanza kumwita Antoni mwizi wa irabu. Antoni alitikisa kichwa, akajaribu kueleza, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu alimtazama kwa mashaka, akamwambia apishe.

Antoni akapiga hatua moja. Hellen aliona njia yote ya Misungwi ikimfungukia. Hakuhitaji kusema uongo wowote. Alihitaji kunyamaza tu. Akamtazama rafiki yake. Awuor alikuwa analia kimyakimya, na bado hakumtaja.

"Mwalimu, ni mimi," Hellen alisema. "Antoni hajui lolote. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma vidole vya Awuor, tangu mwanzo."

Mwalimu Maige alimrudisha Antoni mahali pake, akamwomba radhi mbele ya wote, akamtangaza mshindi. Hellen na Awuor wangefagia darasa wiki nzima. Ukiranja wa Awuor ungejadiliwa baadaye, kwani alikosa, ingawa hakukosa peke yake.

Njiani kurudi nyumbani mama hakumfokea, na hilo lilimtisha Hellen zaidi. Walipofika karibu na mlango, akasimama.

"Mtu asiyejua neno hufundishwa, yakaisha," alisema. "Leo umekaribia kuacha watoto wawili wabebe kosa lako, mmoja kwa kukupenda na mwingine kwa kusimama karibu nawe. Udanganyifu hauchagui, humwangukia yeyote aliye jirani. Ulichelewa kusema, lakini umesema, na hilo nimeliona. Sasa nenda kwa kina Awuor. Waambie wazazi wake kilichotokea, kwa mdomo wako, kabla hawajasikia kwa wengine."

Hellen aliweka mkoba chini, akaenda.