Shangazi na Bei Isiyoshuka

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu hupitia kwenye duka la kuchapa la shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wateja kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia kwenye kibodi. Shangazi hupokea kazi, naye huchapa.

Siku moja alikuta programu ya kuandikia imegoma. Faili zilifunguka vizuri, lakini alipobonyeza herufi, hakuna kilichoandikika. Leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Na mezani ilimsubiri mitihani ya shule nzima, si ile anayosoma yeye, imeandikwa kwa mkono, ya kuchukuliwa kesho asubuhi.

"Tukishindwa hii, mwalimu mkuu atahamia kwa jirani na hatarudi tena," Shangazi alisema. "Nipe mkoba wangu. Twende tukanunue nyingine."

Shangazi alikuwa bingwa wa kupatana bei. Sokoni wauzaji wakimwona kwa mbali waliguna. Hutaja nusu ya bei, hukunja uso, kisha huelekea mlangoni polepole mpaka aitwe. Na siku zote aliitwa.

Kwenye duka la kompyuta, muuzaji mwenye miwani alitaja bei. Shangazi akataja nusu yake.

"Mama, bei hii hatuipangi sisi," muuzaji alijibu kwa upole.

Shangazi akakunja uso, akashika njia. Mlangoni alipunguza mwendo. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, ingawa alivaa ndala. Hakuna aliyemwita.

Nje, kijana mwenye begi mgongoni, aliyewasikia wakipatana, aliwasogelea. "Mama, programu ileile ninayo kwenye flashi. Nakupa kwa robo ya bei."

Shangazi akataja nusu ya hiyo robo. Kijana akakubali papo hapo.

"Unaona? Huyu ndiye anayejua biashara!" Shangazi alichekelea.

Chapuchapu hakucheka. "Kaka, leseni yake iko wapi?"

"Leseni ya nini? Ila mkiiweka, zimeni kwanza kinga ya virusi, isiwasumbue."

"Shangazi, huyu mgeni gani anayetaka tumfukuze mlinzi kwanza ndipo aingie? Wateja wote huchomeka flashi zao kwetu. Tukipata virusi, tutawagawia wote."

Shangazi alishusha pumzi. "Sasa tufanyeje? Kule ndani hawapunguzi bei."

"Turudi tukaulize. Kupatana tuache kwanza."

"Nirudi? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Nyuma yangu," alisema Chapuchapu, akamvuta mkono.

Mbele ya muuzaji Chapuchapu aliona haya kidogo, lakini hakurudi nyuma. "Samahani, kwa bei ile tunapata nini na nini?"

"Programu za kuandikia, majedwali, picha za kuonyesha mikutanoni na barua pepe. Kwa kompyuta tano, mnalipia kila mwaka."

"Sisi tuna kompyuta moja. Tunaandika na kupanga majedwali tu. Hayo mengine hatuyagusi."

"Mbona hamkusema mapema? Kuna kifurushi kidogo cha kompyuta moja. Unalipa mara moja, basi."

Bei aliyoitaja ilikuwa chini hata ya ile nusu ya Shangazi. Shangazi alifungua mdomo apatane, kwa mazoea tu. Chapuchapu akamminya kidole, mdomo ukafungwa.

Jioni hiyo Shangazi alisoma maswali kwa sauti, na Chapuchapu akachapa mpaka mabega yakamuuma. Alikosea, akafuta, akaanza tena. Hakuinuka mpaka swali la mwisho.

Asubuhi, kabla ya kwenda shule, alimkuta mwalimu mkuu dukani. Mitihani ilikuwa tayari, ikabaki kutoa nakala. Mwalimu alisikia bei, akakunja uso, akaanza kuelekea mlangoni polepole.

Shangazi aliangua kicheko. "Rudi, Mwalimu! Umeagiza kila karatasi iwe ya rangi. Mtihani wa hesabu unataka rangi ya nini?"

Mwalimu naye alicheka, akachagua nyeusi, na bei ikashuka yenyewe.

Alipoondoka, Shangazi alimshika Chapuchapu bega. "Mwanangu, nimepigania bei maisha yangu yote bila kuuliza ninanunua nini. Bei nzuri ni ya kitu halali unachokihitaji. Ukishalipa, unalala usingizi. Haya, kimbia shule, na leo jioni usichelewe. Mwalimu ameleta na barua za wazazi."