Fatiha Waliyonisomea Ili Ninyamaze

Nina miaka kumi na saba. Mie ni mtoto wa Wete, Pemba, na sasa nasoma sekondari Unguja. Mie si msemaji. Darasani huulizwa jambo, jawabu ninalo, nikanyamaza... Ndiyo maana nakuandikieni haya. Kwa mdomo yasingetoka.

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilichezea timu ya watoto ya klabu moja ya mpira mtaani kwetu. Nilikuwa mwembamba lakini nina mbio, wakanipa winga ya kulia. Mwalimu wetu wa mpira alipendwa na kila mtu. Mwezi wa Ramadhani mama zetu walimpelekea futari. Baba yangu alimwita "ndugu yangu". Jezi za timu zilikaa nyumbani kwake, na siku ya mechi mtoto mmoja hutumwa akazichukue. Kutumwa jezi ilikuwa sifa! Tulikuwa tukigombania.

Siku moja nikatumwa mie.

Yaliyonipata mle ndani sitayaeleza. Alinitenda jambo ambalo mtu mzima hamtendi mtoto. Inatosha. Nilirudi na jezi kichwani, nikacheza, na watu wakasema leo nimecheza vizuri... Mnaweza kuamini?

Nilikaa na jambo lile mpaka nikashindwa kula. Mama ndiye aliyenibana. Nilipomwambia, alikaa chini palepale penye karafuu zilizoanikwa, akawa anazichambua tu. Kisha akamwambia baba.

Nilidhani baba atakwenda polisi. Hakwenda. Alikwenda kwa Mzee Hamad, rais wa klabu.

Ijumaa, baada ya sala, wazee wa klabu wakaja kwetu. Kwetu Pemba ugomvi ukishasomewa Fatiha umefungwa, na mwenye kuufungua tena huyo ndiye mkosaji. Mwalimu mwenyewe alikuja nao, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi. Mzee Hamad alisema maneno mengi juu ya sitara. Kwamba aibu ya Muislamu hufichwa. Kwamba klabu ina jina lake. Mie hakuna aliyeniuliza kitu. Halafu akasema, "Haya jamani, al-Fatiha," mikono ikanyanyuliwa.

Na mie nikanyanyua yangu! Nikaitikia amin pamoja nao. Mtoto wa miaka kumi na mbili, ningefanya nini? Kahawa ikaletwa, na visheti. Mwalimu akanishika kichwa akasema, "Mungu akukuze, mwanangu."

Tangu siku ile kuna kitu kilizimika ndani yangu. Si huzuni, huzuni ningeijua. Ni kama mkono ulioulalia... unaugusa, lakini si wako.

Mwalimu hakufukuzwa. Alipelekwa Msuka, kule kaskazini, akaanzishe timu ya watoto. Tena klabu ilimpikia pilau la kumuaga! Watu wa Msuka wakampokea kwa furaha, maskini, hawakuambiwa neno.

Likizo moja ya mwaka jana nilirudi nyumbani. Baba akaniambia nivae kanzu, twende Msuka na Mzee Hamad. Nikauliza kuna nini. Akatazama pembeni.

"Kuna mtoto kule," akasema. "Mambo yale yale."

Nikavaa kanzu. Sikuhisi chochote.

Njiani Mzee Hamad alinishika bega. "Weye ndiye dawa yetu leo," akaniambia. "Wakikuona ulivyo, watatulia."

Mtoto mwenyewe nitamwita Omar, si jina lake. Hana baba, analelewa na bibi yake, ambaye nitamwita Bi Mafunda. Tuliketi mkekani nyumbani kwake, pamoja na wazee wawili watatu wa pale. Mzee Hamad akarejea maneno yale ya sitara, takriban yale yale. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mtazameni kijana huyu. Naye yalimfika, tukasoma, yakaisha. Leo yuko sekondari Unguja! Ana upungufu gani?"

Omar akanitazama. Alinikodolea macho kweli, kama anatafuta usoni mwangu atakavyokuwa yeye.

"Al-Fatiha," akasema Mzee Hamad.

Mikono ikapanda. Yangu haikupanda.

"Nyanyua mikono, weye!" baba akaninong'oneza. "Wanitia aibu!"

Nikasema, na sauti ilitoka kavu kama nasoma hesabu: "Mie hayajaisha. Wala sikuulizwa."

Bi Mafunda akamgeukia Mzee Hamad polepole.

"Kumbe mlijua?"

"Bibi, sisi tulitaka kusitiri..."

"Mlimsitiri nani? Mjukuu wangu? Mtu yule nimempikia mie kwa mkono wangu, na nyie mwajua! Fatiha ni maneno ya Mungu, Hamad, si kawa ya kufunikia uoza wenu!"

Mzee mmoja akamuomba ashushe sauti, majirani watasikia.

"Majirani ndio nnaowataka!" akasema, akatoka nje kuwaita. Na wakaja.

Kesho yake alimshika Omar mkono wakaenda polisi. Na mie nikaenda. Mwalimu alishitakiwa, akafungwa. Mahakamani Mzee Hamad aliulizwa kama alijua habari zangu kabla ya kumpeleka mtu yule Msuka. Akakohoa, akafuta uso. "Nilijua," akasema. Neno moja! Miaka yote ile lilikuwa mdomoni mwake.

Sheria ilimchukua mmoja. Waliomficha walirudi majumbani kwao kula chakula cha mchana. Lakini wazazi wa Wete hawakukubali. Waliwaita wazee wale klabuni, wakawasimamisha mbele ya watu, kila mmoja akatakiwa aseme alijua nini na tangu lini. Wakasema. Wakavuliwa uongozi wote. Baba naye, kwa kuwa alijua, alisimamishwa pamoja nao.

Hasemi na mie mpaka leo. Nikirudi likizo, mama hunitilia chakula, akanitazama, akaondoka. Sokoni vijana hunicheka: "Yakhe, shahidi huyo kapita!" Nami hupita. Silii. Natamani ningelia...

Wasomaji wenzangu, watoto wenzangu khasa: akikutendeni mtu ubaya, semeni, na mkifungwa mdomo semeni kwa mwengine, hata kwa bibi wa mtu! Na nyinyi wazee wa klabu na wa majumba, nakuombeni kwa Mungu. Mnapomhamisha mtu wa namna ile, hamjafuta aibu, mmempelekea watoto wengine. Msifuate njia ya wazee wangu.

Tulipotoka mahakamani Omar aliniuliza kama hali hii hupita. Nilimwambia sijui, kwa sababu sijui. Lakini nilimwambia, "Mie nakuamini." Akaanza kulia palepale, mbele za watu. Nyinyi wazee, mtoto akikujieni na habari kama ile, anzeni na neno hilo. Mie hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuniambia.